Chai ya Jikoni kwa Yusta

Siku ya tatu lori la kiwanda halikuja, na majani ya chai yaliyorundikwa kwenye banda la kupimia yakaanza kupata moto yenyewe kwa yenyewe. Ukitia mkono katikati ya rundo, ulihisi kama unamgusa mtu mwenye homa. Wanawake wa kijiji kile cha juu ya Bumbuli walisimama wakiyatazama, mikono kiunoni. Karani wa mizani alikuwa amepiga simu kiwandani mara tano, na mara zote aliambiwa mashine imeharibika, wakulima wavumilie.

"Sisi tutavumilia," alisema Yusta. "Majani je, mmeyaambia nayo?"

Yusta alikuwa mjane wa miaka sitini na mmoja, mwembamba, mwenye sauti nzito iliyoshikilia safu nzima ya nyuma ya kwaya ya usharika. Shamba lake lilipandwa na baba yake miaka ya sabini, wakulima wadogo walipohimizwa waingie kwenye zao la chai. Kabla ya hapo chai ilikuwa ya wenye mashamba makubwa, na Mshambaa alikuwa wa kuchuma tu. Na nyuma zaidi, Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal, babu wa baba yake alitembea na kipande mfukoni, kadi ya kuonyesha kwamba ametimiza siku zake thelathini shambani kwa mlowezi wa Kijerumani. Siku zisipotimia, alitafutwa. Baba alikuwa akimwambia Yusta, "Sisi angalau shamba ni letu." Yusta aliamini hivyo kwa miaka mingi.

Siku ile wenzake walimwaga majani yao bondeni. Ng'ombe waliyanusa, wakapita. Yusta naye aliinua tenga lake amwage, akasita. Majani ya juu, yale yaliyokuwa yamenyauka bila kuungua, yalinukia vizuri, kama pichesi lililoiva likasahauliwa kwenye kikapu. Akalibeba tenga lake mpaka nyumbani.

Mchana huo walikuja wageni wawili, wazee wa kanisa, na mkamwana wake Happiness akakimbia dukani kununua pakiti ya majani ya chai. Yusta aliiona ile pakiti kando ya jiko, akaichukua.

"Happiness, hii inatoka wapi?"

"Dukani, mama."

"Najua dukani. Nisomee, mimi miwani sina."

Happiness aliigeuza. Ilikuwa imefungwa katika mji wa mbali ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika. Chini ya picha ya mlima kulikuwa na maneno: chai bora kutoka nyanda za juu.

Yusta alibaki akiitazama ile pakiti, mpaka maji yakachemka na kumwagikia motoni. Alikuwa amechuma chai tangu akiwa na miaka kumi na saba. Vidole vyake vilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunywa hata kikombe kimoja cha chai aliyojua kwamba imetoka shambani kwake. Alichuma, akapima, majani yakashuka mlima, kisha akaenda dukani kuyanunua yakiwa na nguo mpya.

"Mtu mwenye ng'ombe zizini anayenunua maziwa ya kopo," alisema, "huyo tunamwitaje?"

Happiness aliinama kuuwasha moto tena.

Kesho yake Yusta alianza kuitengeneza chai mwenyewe. Majani ya kwanza aliyaanika juani, akayachemsha. Yakatoa maji ya kijani yenye ladha ya nyasi za paa. Ya pili aliyakaanga kwenye chungu, yakaungua, nyumba ikajaa moshi, na Happiness akatoka nje na mtoto mgongoni akikohoa na kucheka kwa pamoja. Yusta hakucheka. Siku ya nne alifunga khanga kiunoni akaenda kwa Mzee Nikodemo.

Nikodemo alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka ishirini na saba, kwenye chumba ambamo majani hubadilika rangi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Yusta. Nasikia unachoma nyumba."

"Nakuja unifundishe nisiichome."

Mzee alitazama barabarani kana kwamba kuna mtu anasikiliza. "Kule tulikuwa tunapekuliwa mifuko tukitoka. Hata ukucha wa majani hutoki nao. Tuliambiwa chai ni kazi ya wataalamu."

"Na mtaalamu alikuwa nani?"

Nikodemo alifikiri, kisha akatabasamu taratibu kama mtu aliyekumbushwa jina lake. "Alikuwa bosi. Lakini kila asubuhi alikuwa ananiita mimi ninuse."

Basi akaja. Hakukubali kushika kitu. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akiwa na fimbo yake, akaamuru. Majani yanyaushwe kivulini mpaka yaweze kukunjwa bila kuvunjika. Yasokotwe kwa nguvu juu ya ubao, mpaka utomvu utoke na viganja vigeuke vya kahawia. Yalazwe chini ya kitambaa chenye unyevu. Hapo Yusta alitaka kujua ni kwa saa ngapi.

"Saa haijui. Pua ndiyo inajua. Niletee."

Mara tatu alinusa akatikisa kichwa. Mara ya nne alifumba macho. "Sasa. Moto mdogo, na usiache kugeuza."

Jioni hiyo walikunywa watu watatu, bila maziwa, kwa amri ya mzee. Rangi ilikuwa ya shaba. Yusta alimeza, akabaki ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alitegemea kufurahi, lakini kilichompanda kifuani kilikuwa hasira. Ilikuwa rahisi kiasi hiki! Ubao, kitambaa, moto na pua ya jirani, na vizazi vinne wameambiwa kazi yao inaishia kwenye tenga.

Jumapili ya Sikukuu ya Mavuno, watu walileta ndizi, maharage, kabichi na kuku waliofungwa miguu. Yusta alileta sufuria mbili kubwa za chai na kuziweka uani mwa kanisa. Watu walikunywa, wakarudia. Alipowaambia imetoka wapi, mama mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Hii ni yetu?" Kabla ya jua kuzama wanawake tisa walikuwa wamemwomba awafundishe.

Jumanne akaja Alen, afisa wa kiwanda anayeshughulika na wakulima. Alikuwa kijana wa hapohapo Bumbuli. Mama yake alichuma chai mpaka mgongo ukapinda. Aliegesha pikipiki, akaingia uani akiwa ameshafungua faili.

"Mama Yusta, nimeambiwa hapa kuna kiwanda."

Yusta aliendelea kusokota. "Kwetu mtu akiingia uani kwa mkubwa anaanza na nini?"

Alen alishusha faili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa sema."

Alisema. Mkataba ulikuwa wazi: majani mabichi yote ya mkulima aliyesajiliwa huuzwa kiwandani. Akiendelea, atafutwa kwenye daftari, na mbolea ya mkopo hatapata tena. "Kila mtu ana nafasi yake, mama. Ninyi ni kulima na kuchuma. Ndivyo zao hili linavyokwenda tangu zamani."

"Tangu zamani ya nani?" Yusta alisimama, viganja vikiwa vya kahawia. "Mjerumani alimwambia babu wa baba yangu nafasi yake ni siku thelathini. Mwingereza akaja akamwambia babu yangu nafasi yake ni tenga. Wewe ni mtoto wetu, umesoma kwa chai hii hii, unakuja uani kwangu na maneno yao mdomoni?"

"Mkataba..."

"Mkataba wenu unasema majani mabichi." Alichota chai kavu kutoka kwenye ungo, akamwekea kiganjani. "Hayo ni mabichi? Tena mkataba huohuo unasema mtayachukua kila siku ya kuchuma. Siku zile yakiungua bandani, faili hilo lilikuwa wapi?"

Alen alitazama kile kiganja. Hakuyatupa majani. Alifunga faili, akaondoka.

Alhamisi mashine ilikuwa imepona ghafla. Lori lilipanda kama zamani, likapiga honi kwenye kila kona, na kati ya wale wanawake tisa, sita walirudi bandani na matenga yao. Yusta hakuwalaumu, ada za shule hazisubiri ushujaa. Lakini iliuma, na kwa siku mbili hakuimba hata akiwa peke yake shambani.

Walibaki wanne, yeye akiwemo. Walijenga banda la kunyaushia kwa miti na majani makavu ya migomba, na Mzee Nikodemo akahamisha kigoda chake pale. Nasra, mama wa Kiislamu anayeuza mboga sokoni Lushoto, alichukua vifurushi kumi vya kwanza vya chai kwa kumwonea huruma Yusta; wiki iliyofuata alipiga simu kudai thelathini, akisema wateja wanamgombeza.

Mwishoni mwa masika ilifika barua ya kiwanda, yenye muhuri. Yusta alikuwa amefutwa rasmi kwenye daftari la wakulima, na aliombwa athibitishe kwa maandishi kwamba ameelewa.

Alimwita Happiness alete kalamu, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri.

"Andika. Nimeipokea barua yenu na nimeielewa. Chai yangu bado ipo shambani na inachumwa. Mkiihitaji, njooni nyumbani mnunue ikiwa kavu, kwa bei nitakayoitaja mimi. Mje mchana, na mkifika mpige hodi."

Happiness aliandika huku akiuma mdomo ili asicheke. Akafika chini ya karatasi, akainua kalamu.

"Mama, niweke 'Wako mtiifu'?"

"Hapana," alisema Yusta. "Weka jina langu tu. Liandike kwa herufi kubwa."