Hatua Arobaini

Jicho la mzee lilijaa kwenye kioo cha mashine, kubwa kama kisahani cha chai, likitetemeka kwa mwanga. Mpimaji wa macho alilitazama bila kupumua. Jina alikuwa amelisoma kwenye kadi dakika tano nyuma, akalisoma tena, kisha akaenda kunawa mikono isiyokuwa na uchafu wowote. Alipomwamkia, shikamoo ilitoka nusu. Sasa kidevu cha mtu aliyempeleka kaka yake gerezani kilikuwa kimetulia juu ya kipande cha plastiki, mwenyewe akingoja aambiwe atazame wapi.

"Tazama taa nyekundu, mzee. Usipepese."

"Sipepesi, daktari."

Mtaani walikuwa wakimwita Darubini. Alikuwa karani wa posta, na akisharudi kazini hakuwa na shughuli nyingine ila kukaa dirishani kuangalia nani kapita na nani, kabeba nini. Dirisha lake lilitazamana na lango la nyuma la karakana ya samani. Jumapili moja, jua likiwa bado kali, karakana iliungua na mlinzi aliyekuwa amejilaza ndani akafia humo. Darubini ndiye aliyesimama mahakamani akanyoosha kidole: alimwona seremala aliyefukuzwa kazi wiki ile akitoka langoni na galoni mkononi. Wakili akamuuliza kama ana hakika.

"Kama ninavyokuona wewe," alijibu, na ukumbi mzima ukaguna kwa kuridhika.

Mpimaji alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku ya pili baada ya hukumu alikwenda kuhesabu hatua kutoka lango mpaka dirisha. Zilikuwa arobaini. Mtu mwenye macho mazima hakosei mtu kwa hatua arobaini, alijiambia. Basi huyu kadanganya kwa makusudi. Chuki hiyo aliilea kama mwana. Ilisoma naye chuoni, ikaingia naye kwenye ndoa, ikazoea kuamka naye asubuhi. Kila alipomkumbuka mzee yule alimwombea maisha marefu, ili siku wakikutana awe bado na akili za kuelewa anachofanyiwa.

Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita. Jina la mume lilimficha vizuri.

"Soma mstari wowote unaouona."

"Ile herufi kubwa ya juu. Chini yake naona kama siafu wamepanga foleni."

"Nani aliyekushauri uje?"

"Mke wangu. Juzi niliusalimia mlingoti wa taa sokoni. Nikasema, huyu bwana mbona ana kiburi, haitikii?"

Kicheko kilimfika mpimaji kwenye koo. Akakimeza, akajichukia kwa kukaribia kucheka naye.

"Umewahi kuvaa miwani?"

"Sijawahi hata siku moja. Macho ndiyo sifa yangu, daktari. Muulize yeyote."

Alipima mara ya kwanza, akapima mara ya pili, akabadilisha lenzi, akapima tena. Bila miwani, mtu huyu hakuweza kuutambua uso wa mwenzake aliye hatua nne mbele yake. Mpimaji alikaa na kalamu mkononi bila kuandika. Kumbe hakudanganya. Aliapa juu ya kitu asichokiona, akakiamini, akaenda zake nyumbani kula na kulala. Chuki yake ilitaharuki kidogo, kama mpangaji aliyekuta mlango umebadilishwa kufuli, kisha ikapata pa kuingilia. Hili lilikuwa baya kuliko uongo.

Ila palikuwa na jambo jingine, naye aliliona kwa sababu ndiyo kazi yake. Ndani kabisa, kitovu cha jicho kilikuwa kimeanza kugeuka rangi ya chai. Mtoto wa jicho wa namna ile huweza peke yake kumpunguzia mzee uwezo wa kuona mbali, tena kwa miaka michache tu. Huenda Jumapili ile Darubini alikuwa akiona kama tai. Mashine ilipima macho ya leo; ya wakati ule ilikuwa haiyajui.

"Shuleni ulikuwa unakaa wapi?" akauliza.

"Mbele kabisa."

"Kwa sababu ubao ulikuwa huuoni?"

"Kwa sababu nilikuwa mfupi. Wafupi wote tulikaa mbele."

Akamvalisha fremu ya majaribio, ile nzito ya chuma yenye lenzi zake, akamshika mkono mpaka dirishani. Ng'ambo ya barabara kinyozi alikuwa akifuta kioo cha duka lake.

"Lo," mzee alisema polepole. "Ana kifungo kimoja kimekatika. Cha tatu."

"Kutoka hapa hadi pale ni kama hatua arobaini."

Akamvua fremu. "Sasa unamwona nani?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye shati jeupe."

"Na aliyetoka lango la karakana, alikuwa mtu gani?"

Mzee akageuka. Alisogeza uso wake karibu mno, jinsi wasioona hufanya, akautafuta uso wa mpimaji kipande kwa kipande. Alipoupata, midomo ilimlegea.

"Wewe ni mdogo wake. Uliyekuwa ukikaa benchi la mbele mahakamani."

"Ndiye mimi. Ulimwona nani, baba?"

"Nilimwona yeye. Shati lake la kijani, ule mwendo wake..."

"Uso?"

Chini, barabarani, mtu alipiga honi mara mbili, akaacha.

"Daktari," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa na sifa tena, "macho yangu yalikuwa hivi wakati ule?"

Jibu la haki lilikuwa neno moja: sijui. Lilikuwa pale ulimini, jepesi. Mpimaji alilisukuma pembeni.

"Yalikuwa hivi hivi. Tangu ujana wako."

"Una hakika?"

"Ninayo. Mashine imeonyesha."

Alimtazama akinywea kitini, mabega yakishuka kama nguo iliyotoka kwenye kiango. Utamu wa kisasi ulimpanda taratibu hadi kichwani. Aliandika vipimo vya miwani bila kukosea tarakimu moja, akampa karatasi. Mzee aliondoka akipapasa ukuta, ingawa ukumbi ulikuwa mpana na mlango ulikuwa wazi.

Saa tisa alasiri alikuwa nyumbani. Kaka yake, aliyeachiwa baada ya miaka tisa na tangu hapo akawa haishiki randa, alikuwa uani akianua nguo. Alizikunja kwa pembe kali, moja juu ya nyingine, kama alivyofundishwa kule. Mpimaji alimsimulia yote akiwa amesimama, mkoba ukiwa bado begani.

"Alilia?" kaka yake aliuliza.

"Hakulia. Aliisha."

"Nawe ulijuaje kwamba macho yake yalikuwa hivyo siku ile?"

Kaka yake alikunja taulo, akalilaza, akalipapasa likanyooka.

"Mdogo wangu, wakili aliniuliza kama ni mimi niliyechoma. Hakimu aliniuliza. Mama, Mungu amrehemu, aliniuliza mara moja, siku ya wageni kule gerezani, akainamisha kichwa. Wewe peke yako hukuniuliza hata siku moja."

"Nikuulize nini? Mimi nilikuwa najua."

"Ndiyo," alisema. "Ulikuwa unajua."

Akavuta shuka kubwa kutoka kwenye kamba, akamrushia ncha mbili. "Shika huko."

Mpimaji aliweka mkoba chini, akashika. Walilinyoosha, wakalikunja kwa urefu, wakaanza kusogeleana. Vidole vyao vilipokutana kaka yake hakuipokea ncha. Alisimama mbele yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, mikono ikiwa imejaa shuka, akangoja.