Walinzi wa Bibi Mashavu

Jana usiku niliota tunagawana mirathi, na sitaki mtu anicheke, maana nimeshachekwa vya kutosha.

Mimi na dada yangu Siwema tumeambukizwa kirusi kimoja ndani ya nyumba moja. Zahanati ndivyo walivyotuambia. Yeye anafua huku anaimba taarabu. Mimi natetemeka chini ya mablanketi, naye kila akipita mlangoni anasema, "Mwanaume mzima, mafua tu!" Iliniuma, jamani. Nikalala nikiamini nimezaliwa goigoi.

Basi kipimajoto kinatoka kwapani mwangu, kinakohoa. "Arobaini," kinasema. "Vaa viatu, unaitwa kwenye mirathi."

Mara niko uani kwa Bibi Mashavu, mama mzaa baba, ambaye tulishamzika. Amekaa mkekani na chungu kikubwa.

"Umekonda, mume wangu," ananiambia. "Huyu mke mwenzangu hakulishi?"

Mke mwenza ni Siwema. Yuko pembeni anatafuna karanga.

Chungu kimejaa walinzi wadogo kama punje za mtama. Bibi anasema kila mjukuu, kabla hajazaliwa, alitia mkono humo akiwa amefumba macho, akachota wa kulinda mwili wake. Wengine akawachota kwenye chungu cha upande wa mama.

"Nataka kumwona wangu," nasema.

Ua unageuka kuwa pua yangu. Sishangai. Mlinzi wangu amekaa kwenye kigoda. Kirusi kinakuja kimevaa kanzu safi, kinapiga hodi.

"Karibu!" anajibu mlinzi wangu.

"Mbona unakikaribisha?"

"Kimepiga hodi, bwana. Nikinyamazie?"

Kirusi kikishafika hadi jikoni, ndipo anaanza kupiga ngoma na kuwasha moto kila chumba. Kumbe hiyo ndiyo homa yangu.

Mlangoni kwa Siwema, kirusi kilekile kinapiga hodi.

"Nani mwenzangu?" anauliza mlinzi wake.

"Mgeni tu."

"Mgeni wapi! Uso huo ni wa ukoo wa mafua. Ndugu yako alishakuja hapa zamani. Kaa hapo barazani, usinyanyuke."

Kinakaa. Huko ndani hakuna anayejua.

"Kwa hiyo mimi si goigoi, Bibi?" namuuliza.

"Goigoi wapi! Ulichota gizani kama wenzio. Na huyo mpiga ngoma ndiye aliyeniokoa mimi kwenye surua."

Siwema ameacha karanga, machozi yanamtoka. "Nilikucheka bure, mdogo wangu." Anamshika mlinzi wake mkono. "Mchukue huyu. Nipe huyo wako mkarimu."

"Dada, utaugua!"

"Niugue. Nimechoka kukusikia ukilia usiku."

"Mirathi haibadilishwi," kipimajoto kinaonya.

"Nani kabadilisha?" Bibi anakikaripia. "Ndugu wanaazimana."

Nikaamka asubuhi, shuka limeloa jasho, mwili mwepesi, njaa inanikata. Nikamwita Siwema. Nikaenda chumbani kwake, nikamkuta kajifunika kila nguo aliyo nayo, kamasi zinamchuruzika, meno yanagongana.

"Dada!"

"Usinicheke, Shomari," alisema. "Na usiharakishe kumrudisha. Kunywa uji kwanza."