Wasiokuwemo Kwenye Jedwali

Wanafunzi walimwita Mama Asilimia, naye alijua. Alikuwa mwalimu wa hisabati asiyeweza kusema "wengi" pale alipoweza kusema sabini na mbili kwa mia. Hata mumewe, fundi wa maabara katika shule hiyohiyo, alimtania kwamba alipoposwa alikubali kwa asilimia tisini, kumi akaziweka akiba.

Shule yao ilikuwa imepata jina. Mkuu wa shule alipofika, ufaulu ulikuwa asilimia sitini na moja. Miaka mitatu baadaye ukafika tisini na nne. Wageni walipouliza siri yake, Mkuu alijibu neno moja: nidhamu. Kwa hiyo mwalimu alipoanza kusomea shahada ya uzamili hakuhangaika kutafuta mada. Angechunguza uhusiano kati ya nidhamu na ufaulu wa wanafunzi, palepale alipokuwa akifundisha. Mkuu alifurahi. Alimpunguzia vipindi, akampa ufunguo wa chumba cha kumbukumbu, kisha akamwekea mbele karatasi ya kusaini. Ilisema kwamba tasnifu haitawasilishwa chuoni bila barua ya kibali kutoka kwa Mkuu. Alisaini akiwa wima, kwa kalamu ya kuazima, akili yake yote iko kwenye ufunguo.

Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha, na mlango wake ulipoachwa wazi uliziba njia ya watu, basi ilibidi ajifungie. Kwa wiki saba alikaa humo kila Jumanne na Alhamisi, daftari la adhabu mkono huu, matokeo ya mitihani mkono ule. Takwimu zilikuwa tamu. Makosa yalishuka, alama zikapanda. Alipompelekea msimamizi wake wa chuoni sura ya kwanza ya matokeo, profesa huyo alimjibu kwa maneno matatu: "Safi sana. Endelea."

Wiki ya nane akakwama kwenye hesabu ambayo mtoto wa chekechea angeiweza. Darasa la mwisho lilianza mwaka na wanafunzi mia moja na kumi na wanane. Waliofanya mtihani walikuwa themanini na watatu.

Akawatafuta wale thelathini na watano. Hawakuwa wamehama wala hawakuwa wameugua. Wote walikuwa kwenye daftari la adhabu, na wote walisimamishwa masomo ndani ya wiki mbili baada ya mtihani wa majaribio, kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa. Thelathini na mmoja kati yao walikuwa wameshika mkia katika majaribio hayo. Makosa yao yalikuwa soksi zisizo rasmi, kuchelewa dakika nne, kucheka mstarini. Wenye alama nzuri waliofanya makosa yaleyale walipewa onyo au adhabu ndogo. Akafungua daftari la mwaka uliotangulia, kisha la mwaka wa nyuma yake. Mambo yalikuwa hayohayo.

Kila barua ya kusimamishwa ilikuwa na saini mbili, ya Mkuu na ya mwalimu wa darasa. Saba zilikuwa na saini yake yeye. Akakumbuka karani akipita na rundo la karatasi kati ya kipindi na kipindi: "Saini hapa, mwalimu, na hapa, na hapa." Alilifunga daftari, akalifungua tena, kana kwamba saini ingekuwa imehama.

Mmoja wa wale saba alikuwa msichana waliyemwita Kasuku, kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno. Mwalimu alimkuta kwenye kibanda cha ushonaji nyuma ya soko, ameinama juu ya cherehani, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Shikamoo, mwalimu. Umekuja kushona?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuuliza kuhusu ile barua."

Kasuku aliendelea kukanyaga pedali mpaka akamaliza upindo. "Tulicheka watatu mstarini. Wenzangu wakafagia uwanja, mimi nikaondoka. Nilidhani ni wiki mbili tu. Niliporudi, wakaniambia majina yameshapelekwa, nijaribu mwakani. Mwaka uliofuata wakasema nafasi zimejaa."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

Msichana alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira. "Si ulisaini wewe? Nilijua unajua."

Mwalimu akakaa kwenye benchi la wateja. Alieleza alichokiona kwenye madaftari, taratibu, kama anayefundisha somo jipya. Kasuku alisikiliza, kisha akauliza swali moja. "Ukiandika hayo, mimi nitarudi?"

Mwalimu aliinuka kwenye benchi. Kasuku akachukua kitambaa kingine.

Aliandika siku kumi. Jedwali la thelathini na watano aliliweka katikati ya sura ya nne, akaipeleka kazi chuoni kwa mkono wake. Profesa aliisoma mbele yake, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Hesabu zako sioni kosa," alisema. "Lakini kibali kipo?"

"Bado, profesa."

"Na hutakipata. Bila kibali sina cha kupeleka kwenye kamati, na muda wako unaisha mwezi wa sita. Mwanangu, weka mipaka ya utafiti. Andika kwamba uliwachunguza waliofanya mtihani tu. Ni sentensi moja, na si uongo."

"Si uongo," alikubali mwalimu, akaichukua kazi yake mezani.

Mkuu naye, alipomwendea kuomba kibali, hakugomba. Alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akasoma jedwali mpaka mwisho. Kisha akatoa jalada kabatini na kumpangia mezani barua saba, moja baada ya nyingine, zimeelekea upande wake ili azisome vizuri.

"Hii saini ya nani?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Yangu, Mkuu."

"Mimi nitasema nilimwamini mwalimu wa darasa. Wewe utasema nini?" Aliyasema kwa upole, kama mtu anayetaka kusaidia. "Utafiti mzuri huu. Utoe hilo jedwali tu. Ukishahitimu nitakukabidhi ofisi ya nidhamu; nahitaji mtu anayejua hesabu."

Mwalimu aliomba uhamisho. Fomu ya uhamisho ilikuwa na nafasi ya saini ya mkuu wa shule, nayo ikalala mezani kwa Mkuu. Nyumbani, mumewe alimsikiliza huku akiosha vyombo. Nyumba yenyewe ilikuwa ya shule. Ukisimama jikoni ulimwona Mkuu akiingia na kutoka ofisini.

"Sikwambii uandike nini," mumewe alisema mwishowe. "Nauliza tu, kazi yangu hapa, kazi yako hapa, watoto wanasoma hapa. Tukitoka, tunatokea wapi?"

Hakuwa akimlaumu, na hilo ndilo lililomkata maini. Mwalimu alizunguka jambo hilo usiku na mchana, na kila alipopapasa ukuta alikuta mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Mwezi wa tano aliandika ile sentensi moja. Barua ya kibali ikatoka siku hiyohiyo. Alihitimu kwa daraja la kwanza, akapigwa picha na joho, na Mkuu akaitundika picha hiyo kwenye ukuta wa ofisi. Walimu wakuu wa shule nyingine walianza kuja na madaftari yao kujifunza. Kila mmoja aliondoka na nakala ya tasnifu chini ya kwapa, na mwalimu akaombwa aisaini kama kumbukumbu.

Akawa mkuu wa nidhamu, na ofisi yake ikapata muhuri na jukumu jipya: orodha ya watahiniwa ingepita kwake. Matokeo ya majaribio yalipotoka, karani alimletea karatasi. Ilikuwa na majina arobaini na moja, yamepigwa chapa vizuri, na upande wa kulia safu ndefu tupu yenye kichwa "Kosa".

"Mkuu anasema ujaze," alisema karani. "Majina ya watahiniwa yanaondoka Ijumaa."

"Hawa wamefanya nini?"

Karani aliinua mabega. "Hiyo si ndiyo safu unayojaza wewe?"

Siku tatu hakujaza. Wanafunzi wale aliwaona madarasani, mmoja akimuuliza kuhusu milinganyo, mwingine akimfungulia mlango. Ijumaa asubuhi Mkuu alikuwa na wageni. Mwalimu alichukua fomu za watahiniwa, akaandika majina yote, wale arobaini na moja wakiwemo, akagonga muhuri na kuipeleka bahasha kwa ofisa wa mitihani yeye mwenyewe. Alitembea haraka, akiogopa mtu asimwite. Hakuitwa.

Matokeo yalipotoka, ufaulu ulikuwa asilimia sabini na tano. Kati ya wale arobaini na moja, kumi na wawili walifaulu. Mmoja alipata alama ya juu ya hisabati, na mama yake alikuja shuleni kushukuru, hajui amshukuru nani. Waliobaki, ishirini na tisa, walifeli kweli, na wazazi wawili walimjia juu kwamba aliwaingiza watoto wao kwenye aibu.

Mkuu hakumfukuza. Kumfukuza kungezaa maswali. Alimvua ofisi na muhuri, akamrudishia vipindi vyote na kumwongezea saba, na kila ugeni ulipofika alimwita atoe maelezo ya tasnifu yake, kwa kuwa ndiye mwandishi. Alisimama mbele ya wageni, akasoma sentensi ya mipaka ya utafiti polepole kuliko nyingine zote, akingoja mmoja wao aulize waliobaki walikwenda wapi. Waliandika, wakashukuru, wakanywa chai.

Mwanzoni mwa mwaka aliwatafuta wale ishirini na tisa, nyumba kwa nyumba. Wanane walikubali kurudia hisabati naye, kila alasiri, kwenye chumba cha maabara ambacho mumewe alikifungua bila kumuuliza mtu. Alipita pia kwenye kibanda cha Kasuku. Kasuku alisema ana kazi nyingi, labda muhula ujao.

Ombi lake la tatu la uhamisho lilirudi wiki hiyo. Mkuu alikuwa ameandika juu yake kwa wino mwekundu: "Anahitajika hapa." Alilisoma amesimama koridoni, akalikunja mara mbili, kisha akaingia darasani, kwa sababu wanafunzi walikuwa wameshasimama wakimngoja awaambie wakae.