Nguzo Nne Uani

"Nguzo zimesimikwa, mama. Kilichosimikwa ni jengo, na jengo linataka kibali," karani wa ofisi ya nyumba alisema kwa mara ya tatu.

"Jengo gani halina paa wala mlango?" mshonaji alimjibu. "Wewe utaingilia wapi?"

Wanawake waliokuwa bombani walicheka. Karani hakucheka.

Kati yao lilisimama boksi la mbao, urefu wa hatua mbili, limejaa udongo na kuinuliwa kwa nguzo nne hadi kiunoni. Kiwandani walikuwa wamempunguzia mshonaji kazi hadi siku tatu kwa wiki, na fungu la mboga sokoni lilipanda bei huku likipungua majani. Mama mkwe wake alijua kulima, ila magoti yalikataa kuinama. Ndiyo maana boksi likawekwa juu, apande akiwa amesimama. Jana, kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwao, mama huyo hakujilaumu kwamba anakula bure.

"Kosa ni langu," alisema seremala wa chumba cha jirani. "Nimefukia miguu shubiri nzima. Miaka thelathini najenga vibanda, mkono umekwenda wenyewe."

"Huna kosa, fundi. Umenijengea kwa mbao zako na misumari yako, hukutaka hata senti. Nitakulaumuje?"

"Saa kumi narudi na vijana," karani alisema. "Nikilikuta, linavunjwa."

"Na huu mtaro?" Mshonaji alionyesha maji meusi yaliyotuama mbele ya milango. "Tumeandika barua miezi mitano. Nguzo mmeziona kwa siku nne!"

"Mitaro si idara yangu."

Mama mkwe alimshika mshonaji mkono. "Waache wavunje, mwanangu. Usifukuzwe nyumba kwa sababu yangu. Umenijali, nimeshukuru, inatosha."

"Haitoshi, mama."

Mshonaji akaichukua karatasi ya ilani mkononi mwa karani, akaisoma kwa sauti. "Mpangaji haruhusiwi kuchimba wala kusimika kitu uani. Kuweka je?"

"Kuweka nini?"

"Kabati langu lina miguu minne. Nikilitoa nje nilifute vumbi, nitakuja kwako kuomba kibali?"

Karani aliichukua tena karatasi, akaipekua mbele na nyuma. "Kabati halina shida."

"Fundi, nipe msumeno."

"Boksi limejaa udongo, nguzo hazitakatika vizuri. Lipunguzwe kwanza."

Hakuna aliyeitwa. Mwanamke wa mbele bombani, aliyepanga foleni tangu alfajiri, alimwaga maji yake na kuja na ndoo tupu. Wa pili akafuata, kisha wote. Ndoo zilipojaa udongo, mshonaji alichukua msumeno. Akapiga magoti kwenye tope, akaanza kukata nguzo usawa wa ardhi. Seremala alishikilia kona.

"Pole pole, dada. Usiubane msumeno."

Karani alisimama pale pale, viatu vikinyunyiziwa vumbi la mbao. Nguzo ya nne ilipoachia, mshonaji aliinuka, akalisukuma boksi kwa nyonga. Likasogea shubiri moja.

"Limesogea," alisema. "Andika."

Karani akaandika.

Mama mkwe hakusubiri amalize. Alikuwa ameshachota udongo kwa bakuli, anaurudisha ndani, amesimama wima.