Mtaimbo wa Shemeji

Mlango wa chuma ulisimamishwa katikati ya uwanja wa kituo cha zimamoto, umefungwa kwa makomeo mawili manene. Mkuu wa kituo alisimama kando, mikono nyuma.

"Akiufungua mwenyewe, anabaki kwenye gari. Akishindwa, kesho anaanza kupokea simu."

Alikuwa akimzungumzia shemeji yangu, mume wa dada. Tulipokuwa tukivunja mlango wa ghala lililowaka, mtaimbo wa zamani uliteleza, akaangukia bega. Tangu hapo mkono wake haupandi juu ya sikio. Lakini moyo wake haujashuka hata kidogo, na mimi sikukubali mtu wa aina ile aozee ofisini.

Mimi na yeye tukaunda mtaimbo mpya: tukachukua chuma cha springi ya lori, tukakikunja shingo, tukakichonga ulimi mwembamba wa kupenya kwenye ufa wa mlango. Mwisho wa mpini tukachomelea pete. Hapo husukumi kwa bega: unashika pete, unajiachia kama unayeketi, na uzito wa mwili wako unamaliza kazi. Karakana nzima ilituona tukivunja makomeo kama vijiti.

"Nikishindwa," shemeji alininong'oneza akivaa koti zito, "dada yako namrudisha kwenu."

"Mrudishe. Mama atampokea yeye, wewe atakufungia nje."

"Mlango gani huo utanizuia?"

Akavaa kofia, akavaa glavu. Ulimi ukaingia ufani vizuri kabisa. Akanyoosha mkono kwenye pete. Vidole viwili vikapita, vilivyobaki vikagoma.

"Jamani, wamemtengenezea mtoto bangili!" dereva wetu alipiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Masikio yalinichoma. Siku zote tuliujaribu kwa mikono mitupu. Sisi, wazimamoto, tulisahau glavu!

"Mkuu, tupe muda kidogo," nilisema.

"Moto hautoi muda."

"Nani kaomba muda?" shemeji alidakia. "Shemeji, lete ule mpira wa maji uliopasuka. Mbio!"

Nilikata kipande cha mpira, nikakipitisha ndani ya pete, nikafunga fundo lile tunalofungia mipira tukiipandisha ghorofani. Kikawa kitanzi kipana. Glavu ikazama humo mpaka kifundo cha mkono. Shemeji akavuta pumzi, akajiachia.

Chuma kililia. Komeo la kwanza likaruka. Akasogeza ulimi chini, akaketi tena hewani, na mlango ukafunguka mpaka mwisho.

Mkuu alivaa glavu zake, akajaribu kitanzi, akakivuta kwa nguvu mara kadhaa. Kisha akaenda kwenye gari, akachomoa mtaimbo wa zamani kutoka mahali pake, akaweka wetu.

"Kitanzi kibaki hivyo hivyo," alisema.

Shemeji alikuwa ameshapanda kwenye kiti chake cha mbele, bega limeegemea dirisha kama mwenye gari.

Dereva akanisogelea taratibu. "Mwanangu, nami nichongee wangu basi."

"Lete glavu zako kwanza," nikamwambia.