Karatasi ya Safu Mbili

Karatasi ilikuwa imetiwa plastiki. Hilo ndilo lililomchoma Clifford kuliko yote, pale Nickson alipoiweka juu ya meza yake ya ulinzi, katika ukumbi wa jengo moja la ghorofa kule Silicon Oasis, Dubai. Mwandiko ulikuwa wa Clifford mwenyewe: Kenya kushoto, Tanzania kulia, na chini kabisa, kwa wino mzito, "Hamia Tanzania."

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Nickson, fundi wa vigae kutoka Tarime, Tanzania. "Dada Rispah kaniazima. Mkataba wangu unakwisha mwezi ujao, nami nataka kufungua duka ng'ambo ya mpaka, Kenya. Nipangie na mimi kama ulivyompangia yeye. Wapi kodi ya biashara ni nafuu, huko au kwetu?"

"Marahaba," aliitikia Clifford.

Nyuma ya Nickson alisimama Rispah mwenyewe, ndoo mkononi, akingoja kuandikishwa kabla ya kupanda kusafisha nyumba ya madam wa ghorofa ya tisa. Miaka miwili nyuma alikuwa mshonaji wa sare katika kiwanda kimoja cha Dubai Investments Park, mwenye cherehani tatu zake mwenyewe. Kwao ni Migori, si mbali na mpaka. Alimuuliza Clifford jambo moja tu: afungue karakana yake upande upi, ule wenye kodi nyepesi?

Clifford hakuwa mwalimu. Alisomea uhasibu mihula miwili, karo ikamwishia. Jina hilo alivishwa na Wakenya wenzake ughaibuni, akalivaa kwa maringo, na nguo ya kuazima, walisema wahenga, haisitiri matako. Siku ile alisoma viwango vya kodi kwenye simu kwa robo saa, akachora safu zake, akakoleza wino. Moyo ulimnong'oneza kwamba kuna jambo limempita. Hakuusikiliza.

Rispah akapakiza cherehani zake melini katika Bandari ya Hamriya, akazifuata hadi Sirari, upande wa Tanzania. Huko hakuna aliyeanza na kodi. Alidaiwa kibali cha kuishi, kibali cha kufanya kazi, leseni ya mgeni, na kila dirisha la ofisi lilimwelekeza dirisha jingine. Miezi minane ikala akiba yake. Cherehani zikaenda kwa bei ya kutupa, naye akarudi Dubai kupiga deki. Clifford alikuwa amelinganisha kodi za nchi mbili kana kwamba watu huvuka mipaka bila uraia. Yeye, ambaye kutwa nzima kazi yake ni kudai watu vitambulisho, na ambaye ukaazi wake mwenyewe hapa una tarehe ya kwisha. Kila alipokumbuka hilo aliona haya hata akiwa peke yake.

"Hesabu ya Mwalimu haina kasoro," Rispah alimwambia Nickson kwa upole. "Makosa yalikuwa yangu, sikujipanga na vibali. Wewe muulize tu."

Laiti angemtukana! Nickson alikuwa amekwisha kutoa kalamu na kumnyooshea Clifford. Safu mbili nyingine tu, na angebaki Mwalimu.

"Rispah," alisema, "kasoro ilikuwapo. Mambo ya mgeni sikuyaweka kabisa. Sikuyajua, nikaona aibu kusema sijui."

Lifti ilifunguka, ikajifunga bila mtu.

"Ungesema hujui," Rispah alijibu, "ningemuuliza mwingine."

Hakupaza sauti. Clifford aliigeuza karatasi imwelekee Rispah, akaweka kalamu juu yake.

"Mwandikie wewe," alisema. "Kila dirisha ulilopitia."

Rispah aliweka ndoo chini. Alijaribu kuandika, lakini kalamu iliteleza juu ya plastiki bila kuacha alama. Aliitazama kidogo, kisha akatoa mfukoni mkasi mdogo wa kushonea, ule ambao hakuuuza, akaanza kukata ukingo wa plastiki taratibu.

"Kwanza," alimwambia Nickson, bila kumtazama Clifford, "watakuuliza wewe ni wa wapi."