Mto Uliopewa Jina la Mwanangu

Mto wetu ni mfupi. Unachuruzika chini ya mwamba ulio karibu na kilele, unapenya msituni, unaanguka gengeni, unapita nyuma ya kiwanda cha mbao, kisha unamezwa na mto mkubwa bondeni. Haukuwahi kuwa na jina moja. Kwa desturi yetu, kila kidimbwi huitwa kwa jina la mtu kiliyemchukua: Kwa Mhunzi, Kwa Bibi Harusi. Kile cha chini ya genge, penye mawe ya kufulia, kilimchukua binti yangu, tuliyemwita Kidoti.

Mpima ramani alipokuja, shemeji yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, alinijulisha kwamba majina hayo yataandikwa. Nilimwomba kidimbwi kile kipewe jina lolote lingine. Alishangaa, aliona ninakataa heshima.

“Shemeji, watu wanamkumbuka mwanao.”

“Jana jirani yangu kapita akitangaza kwamba Kidoti ananuka, tusichote. Huko ndiko kukumbukwa?”

Aliinamisha macho, akaahidi kusema na mpima.

Ahadi aliitimiza. Mpima alimjibu kwamba tusihangaike: katika ramani yake mto huu ni kama kipande cha uzi, vidimbwi havina nafasi, utaandikwa jina moja tu. Niliposikia hayo nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu msiba.

Kesho yake mpima akashuka kwenye mawe ya kufulia, akawauliza wanawake mto uitwe nani. Walikuwa shoga zangu, wale wale walionishikilia kaburini nisianguke. Ombi langu hawakulijua. Wakashauriana, na kwa kunipenda wakataja jina moja wote.

Kibao kiliposimikwa darajani, mume wangu alinipeleka kukiona. Alipitisha kidole juu ya kila herufi, uso umemkunjuka kama zamani.

“Mama Kidoti, sasa hasahauliki tena. Toka mlimani hadi bondeni ni yeye.”

Nilitaka kumweleza. Lakini nilimwona anavyotabasamu. Chini ya daraja maji yalipita yakiwa mekundu kwa uchafu wa kiwandani, nayo yalikuwa na jina la mtoto wangu.

Tulirudi nyumbani bila haraka. Alipofika aliketi kizingitini, akasema ana kiu. Nikafunua mtungi wa maji ya mtoni, nikamchotea.